Kengele ya Kisauni na watu tuliowakataa

Kila siku makanga wa matatu za kwenda Bamburi na Mtwapa huliita jina hilo mara mia: "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria hushuka, huvuka barabara, hununua viazi karai vyao, kisha kila mtu hushika njia yake. Kengele yenyewe ipo pale pale karibu na barabara, imetundikwa juu ya nguzo zake, na wapitao hawaiangalii. Hata mimi nimeipita miaka na miaka bila ya kuinua macho.

Siku moja nilikuwa na mwanangu aliye darasa la sita. Akaniuliza, "Baba, hii kengele ilikuwa ya nani?" Nikamjibu ilikuwa ya Wazungu wa misheni. Akauliza tena, walikuwa wakiigonga kwa nini? Hapo nikakwama, kwa sababu wazee wa Kisauni husimulia kuwa ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu kwamba wenye watumwa wanakuja. Na hao wenye watumwa, ndugu msomaji, walikuwa ni sisi. Si mimi wala wewe, lakini ni watu tunaotaja majina yao tunapojisifu kwa nasaba.

Nimeona leo niieleze habari ya mahali hapa, kwa sababu twapenda kusimulia historia ya Pwani kama kisa cha majumba ya mawe, mashairi na jahazi, na sehemu hii huipita haraka kama tunavyoipita ile kengele.

Tuanze Rabai. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa akiwa ametumwa na jumuiya ya Kianglikana ya Uingereza iitwayo Church Missionary Society, ambayo kwa mkato huitwa CMS. Alikuja na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja, iliyowataka maliwali wampokee vizuri, na ni jambo la kukumbukwa kuwa mlango wa misheni katika pwani hii ulifunguliwa na mtawala Mwislamu. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa, na kaburi lao liko ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakapanda hadi Rabai kwa Wamijikenda na kujenga huko.

Miaka ilipita bila ya mtu kuwafuata. Warabai walikuwa na kaya zao na wazee wao, hawakuwa na shida ya dini mpya. Mtu wa kwanza kubatizwa hakuwa mzee wa kaya wala kijana mwenye nguvu. Alikuwa kiwete aitwaye Mringe, maskini, mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Alikuwa akienda kukaa na wale wamisionari na kuzungumza nao, na alibatizwa akiwa yuko kitandani anakufa, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Baada ya kazi yote ile walikuwa wamepata mtu mmoja, naye akafa.

Mwislamu anayesoma habari hii hawezi kukosa kuikumbuka Surat Abasa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akaja kipofu Ibn Umm Maktum kutaka kufunzwa, na Mtume akakunja uso. Mwenyezi Mungu akateremsha aya kumlaumu kipenzi chake kwa ajili ya kipofu. Kwa hivyo fundisho la kumtukuza aliyedharauliwa halikuletwa kwetu na Wazungu. Tulikuwa nalo, twalisoma chuoni tukiwa watoto na tukalihifadhi kwa moyo.

Sasa Frere Town. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Muhimu hapa ni hilo neno bahari. Utumwa wenyewe haukukomeshwa. Aliyekuwa na watumwa katika shamba lake la Malindi au Takaungu aliendelea kuwa nao. Kilichokatazwa ni kuwapakia chomboni. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikivizia jahazi, zikimkamata nahodha, na kuwatoa watu waliokuwa wamesongamana ngamani.

Kisha ikaja shida ambayo wanaosimulia habari za ukombozi hawaitaji sana: baada ya kumkomboa mtu, umpeleke wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa mbali kusini na bara. Wengine walikuwa watoto wadogo wasiolijua jina la kijiji chao. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka minane "uko huru, nenda kwenu" wakati kwenu ni mwendo wa miezi na njiani wako wale wale waliomuuza. Na kumwacha Mombasa au Unguja bila ya ukoo wala bwana ni kumpa mtu mwingine nafasi ya kumkamata siku ya pili yake. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wakiwapeleka baadhi yao hadi Bombay, na huko watoto wakasomeshwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Hao ndio watu wa kwetu walikuja kuwaita Wabombei.

CMS ikamtuma kasisi William Salter Price, ambaye aliwahi kukaa na watoto hao India. Akanunua ardhi upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 kijiji kikasimama. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, balozi aliyetumwa Unguja kuusukuma ule mkataba. Mwaka huo huo manowari ikaleta kundi la kwanza kubwa la watu waliokombolewa, zaidi ya 200 kwa mpigo, na wengine wakafuata. Walipewa mahali pa kulala, chakula, nguo, shamba la kulima, watoto wakatiwa skuli, wakubwa wakafunzwa useremala na uashi. Watu wa mjini wakawaita mahuru, na wao wenyewe wakatoka makabila kumi na kitu na kuwa watu wa lugha moja, lugha hii hii ninayoandikia.

Lakini sehemu iliyonishika mimi zaidi si Frere Town. Ni watoro.

Mtumwa aliyetolewa jahazini alikuwa huru kwa sheria. Mtumwa aliyetoroka shamba la bwana wake hakuwa huru kwa sheria yoyote. Kumficha ilikuwa ni kuchukua mali ya mtu. Balozi wa Kiingereza alilisema hilo waziwazi, na wakubwa wa CMS kule London wakawaagiza watu wao wasiwapokee watoro, kwani hawakutaka ugomvi na Sultani. Watu wakaendelea kuja usiku, Rabai hasa, wakiwa na makovu na njaa. Wapo waliorudishwa, na wapo waliofunguliwa mlango kimya kimya.

Waliofungua mlango, mara nyingi, hawakuwa Wazungu. Walikuwa wale Wabombei. Mmoja wao ni William Jones, aliyekamatwa akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akasomeshwa Nasik, na akarudi Afrika mwaka 1864 kufanya kazi Rabai. Ndiye aliyefuatana na Askofu James Hannington mwaka 1885, na Hannington alipouawa Busoga ni Jones aliyeuongoza msafara kurudi pwani. Mtu kama huyu, agizo la kumrudisha mtoro kwa bwana wake lingemwingia vipi? Alikuwa anajua mwenyewe harufu ya ngama. Rabai ikajaa watoro chini ya macho yake.

Na kulikuwa na Fuladoyo, huko Giriama, ambako Mgiriama mmoja Mkristo, Abe Sidi, aliyebatizwa David Koi, alikusanya watoro na maskini wengine bila ya Mzungu yeyote kumsimamia. Wenye watumwa wa pwani hawakumsamehe. Aliuawa mwaka 1883. Nimeishi Pwani zaidi ya miaka arubaini, nimesoma historia mpaka chuo, na jina la David Koi nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, kwa Mkristo wa Rabai.

Frere Town nayo iliponea chupuchupu. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuivamia na kuichoma, na misheni ikalala macho. Hapo ndipo unapoielewa kengele.

Mwaka 1888 mambo yalifika ukingoni. Kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa, ilikuwa imekuja kuitawala pwani kwa mkataba na Sultani, na wenye watumwa wakawa wanadai mali yao iliyo Rabai kwa maneno makali. Meneja wa kampuni, George Mackenzie, akaona suluhu iliyo rahisi ni kununua. Watoro wakahesabiwa, wakawa kama 1,400, pamoja na waliokuwa katika misheni ya Wamethodisti. Kila mmoja akalipiwa reale 25. Fedha zilichangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, CMS yenyewe na wafadhili wengine. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanyika Rabai na kila mmoja akapewa karatasi yake ya uhuru.

Tazama vizuri ni nani aliyepata fedha. Bwana alilipwa. Mtumwa aliyelima miaka kumi bila ya ujira alipata karatasi. Na utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mtindo ukawa ule ule, mabwana wakafidiwa.

Sitaki msomaji adhani ninawapamba wamisionari. Wako waliokuja na Biblia mkono mmoja na ramani mkono wa pili, na mwaka 1895 pwani yetu ikawa ya Mwingereza. Aliyeingia Frere Town aliingia pia katika kengele ya alfajiri, kengele ya kazi, kengele ya sala, na jina jipya la Kizungu. Palikuwa na viboko. Msimamizi mmoja alipiga watu kiasi cha malalamiko kufika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa, naye akaondoka. Wabombei waliokuwa wamesoma kuliko baadhi ya Wazungu waliwekwa chini yao na kulipwa kidogo. Huruma ile ilikuwa na bwana wake. Hilo ni kweli.

Wala si kweli kuwa Waislamu wote walikuwa upande mmoja. Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, aliwapokea watoro katika himaya yake, na wakawa sehemu ya watu wake. Na wako mabwana waliowaandikia watumwa wao waraka wa uhuru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hasa mauti yalipokaribia. Sheria yetu imejaa milango ya kumtoa mtu utumwani. Ni miongoni mwa mafungu manane ya zaka katika Surat At-Tawba. Ni kafara ya kiapo. Surat Al-Balad inapotaja njia ngumu ya kupanda mlima, jambo la kwanza inalolitaja ni kumwacha huru mtumwa. Kwa hivyo ninapoiangalia Mombasa ya 1880, naona mji uliokuwa na misikiti mingi, maulamaa wakubwa na elimu ya kutosha, na mtoro aliyekimbia usiku hakukimbilia msikitini. Alipita misikiti yote hiyo, akavuka maji, akaenda kwa watu wa kengele.

Swali hili halikunijia kwa kusoma vitabu. Lilinijia kwa sababu ya mtoto wa shangazi yangu.

Nitasema machache, maana aibu ya mtu wako ni yako. Alikuwa fundi mzuri wa mbao. Akaingia katika unga, kwanza wa kuvuta, kisha sindano. Mtungi wa gesi wa shangazi ukatoka, cherehani ikatoka, simu za wageni waliokuja kumpa pole zikatoka. Wanaume wa ukoo tukakaa kitako. Mimi ni mmoja wa waliosema kuwa afukuzwe, na nilisema kwa sauti, nikaleta na hadithi ya tunda bovu. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia akilia, na hakuna aliyemuuliza.

Akawa wa maskani, nyuma ya jengo moja bovu, pamoja na mateja wenziwe. Mguu ukafanya kidonda mpaka watu wakawa wanavuka barabara kuikimbia harufu. Siku moja alikwenda msikitini kutaka kutawadha, akazuiwa mlangoni kwa kuwa ataiba viatu. Ukweli ni kwamba angeweza kuviiba.

Kisha nyumbani ikaja habari iliyowakasirisha watu kuliko wizi wote ule. Wamama wa kanisa fulani wanakwenda pale maskani kila Jumanne, wanawaosha vidonda, wanawapa chai. Ghafla ukoo mzima ukamkumbuka. "Watamritadisha!" Ami zangu wawili waliokuwa hawajamtaja mwaka mzima wakaja juu. Nikatumwa mimi, mwandishi, mjuzi wa maneno, niende nikawakanye.

Nikaenda Jumanne. Nilimkuta chini ya mkungu, mguu wake uko juu ya mapaja ya mwanamke wa makamo aliyevaa glavu, anamsafisha kwa maji ya chumvi. Alikuwa muuguzi mstaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikajitambulisha, nikamwambia kuwa huyu ni Mwislamu, ana kwao.

Akanijibu bila ya kuacha kazi. "Marahaba. Karibu, baba. Dini yake twaijua, hutwambia kila mara. Ijumaa ile nilipita hapa kumtazama akanikatalia chai, akasema kwanza aende kusali. Baada ya muda akarudi. Nikamuuliza, mbona mapema? Akasema hawakumpa nafasi."

Nikauliza kama wanawaombea. Nilitaka kosa, nilihitaji kosa. Akasema ndiyo, huomba kwa Yesu kabla ya kugawa chai, na asiyetaka hukaa kando, na chai hupata. Kisha akanipa beseni nimwage maji machafu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu.

Niliyamwaga.

Najua yako makundi mengine. Yako yanayogawa unga wa ugali kwa aliyeinua mkono kanisani, na yanayompiga picha maskini kabla hajameza. Hayo mimi nayaita biashara, na wazazi wana haki ya kuwa macho nayo. Lakini tumelifanya neno "watamritadisha" kuwa mlango wa kutokea. Tukishalisema twahisi tumeshafanya wajibu, na kidonda kinabaki pale pale kinanuka. Kama hatutaki wetu waoshwe na wengine, dawa iko wazi na si ghali. Glavu, pamba, maji, chumvi, na mtu wa kukaa chini. Miskiti yetu mingi ina mabomba mazuri na paa, na kati ya adhuhuri na alasiri huwa mitupu.

Nimeshalisema hili mbele ya kamati ya msikiti wetu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ni suala la usalama. Mara ya pili imamu kijana aliniunga mkono, na ikakubaliwa kuwa chumba cha nyuma kilicho na majamvi mabovu kitatolewa takataka. Mpaka ninapoandika haya majamvi bado yamo.

Mtoto wa shangazi yangu yu hai. Mguu ulipona, ukaacha kovu kubwa. Wale wamama ndio waliomfikisha kwenye kliniki ya serikali inayotoa methadone, na kwa miezi minane alikuwa akienda kila asubuhi kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Ramadhani iliyopita alifuturu nyumbani kwa shangazi siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili hakutokea, na tukasikia amerudi maskani.

Juzi shangazi alinipigia simu baada ya isha. Hakuniuliza habari za ami zangu wala habari za kamati. Aliniomba namba ya yule mama wa kanisa.